Meza ya Bahati

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Isaya 65:11–14

 Popote ulipo asubuhi ya leo, uwe jikoni ukichochea moto wa chai, au ndani ya matatu ukielekea kazini, au kitandani hospitalini, karibu tukae pamoja dakika chache mbele ya Neno la Mungu. Kama Biblia iko karibu, fungua kitabu cha nabii Isaya, mlango wa 65, ukaanzie mstari wa 11.

Hapo nabii awakemea watu wa Mungu kwa jambo ambalo msomaji wa haraka aweza kulipita bila kuliona. Anasema kwamba wamemwacha Bwana na kuusahau mlima wake mtakatifu, na badala yake wameandaa meza. Wamemwandalia nani? Wamemwandalia mungu aitwaye Gadi, tena wamemjazia divai mwingine aitwaye Meni. Gadi katika Kiebrania maana yake ni bahati. Meni ndiye aliyedhaniwa kuwa mgawa mafungu, yaani yeye aamuaye nani apate na nani akose. Basi watu hawa, wana wa Ibrahimu, walitandika kitambaa, wakaweka chakula kizuri, wakamkaribisha Bahati aje ale.

Tulipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu wetu alitueleza kwamba hii ilikuwa miungu ya mataifa ya kale upande wa Shamu. Tukaandika hivyo katika daftari zetu, tukafunua ukurasa. Ilikuwa elimu ya mtihani. Hatukujua kwamba tungekuja kuiona meza hiyo imetandikwa katika parokia yetu, tena nasi wenyewe tumeketi kando yake.

Leo basi twataka kusema habari za kamari, au kama vijana wasemavyo, kubeti.

Kamari si ngeni katika nchi yetu. Wazee wanaotusikiliza wakumbuka wale watu wa pata potea katika masoko na vituo vya mabasi, na karata zao tatu, na rafiki zao waliojifanya wapita njia wakishinda mbele ya macho yako ili nawe utoe yako. Wakumbuka pia tiketi za Charity Sweepstake zilizouzwa katika vibanda mijini. Serikali ilitunga sheria ya kamari mwaka 1966, ikaweka bodi ya kutoa leseni. Siku hizo, mtu aliyetaka kucheza kamari kubwa ilimbidi avae suti na kwenda hoteli ya watalii Nairobi au Mombasa. Mkulima wa kawaida hakuijua njia ya huko.

Baadaye zikaja zile mashine za kutia sarafu. Ziliwekwa katika maduka ya vijijini, hata karibu na shule, na watoto wakatia humo nauli na pesa za chakula cha mchana. Serikali ilizikusanya nyingi na kuziteketeza kwa moto, nasi twashukuru kwa hilo. Lakini wakati moshi wa mashine ungali unapanda, meza kubwa zaidi ilikuwa imekwisha kutandikwa. M-Pesa ilianza mwaka 2007, nayo imekuwa msaada mkubwa, hatuna neno juu yake. Toka mwaka 2014 hivi, kampuni za kubashiri mechi zikatambua kwamba kila mwenye simu sasa ana benki na meza ya kamari mkononi mwake. Haina haja ya suti wala hoteli. Mtu aweza kucheza akiwa chooni. Aweza kucheza, Mungu atusamehe, akiwa amekaa nyuma ya kanisa wakati wa mahubiri, na uso wake ni wa mtu anayetafuta mstari katika Biblia ya simu.

Tena sasa si mpira peke yake. Mechi yaweza kungojwa hata Jumamosi, lakini uko mchezo wa kindege kinachopaa katika kioo cha simu. Kadiri kinavyopaa ndivyo pesa zako zinavyohesabiwa kuongezeka, nawe wapaswa kubonyeza kabla hakijatoweka. Kikitoweka kabla hujabonyeza, zimekwenda. Mzunguko mmoja ni wa sekunde chache tu, na mwingine waanza hapo hapo, mchana na usiku. Na pesa zikiisha katika simu, ile simu yenyewe hukupa mkopo. Fuliza ilianza mwaka 2019, na mikopo mingine ya simu ni mingi. Kwa hiyo mtu aweza kupoteza, katika usiku mmoja, pesa ambazo hajazipata bado.

Hebu sasa tufanye hesabu kidogo. Msiogope, ni hesabu ya darasa la saba.

Tuseme timu mbili zinacheza. Kampuni yasema: ukiweka shilingi moja kwa timu ya nyumbani na ikishinda, twakulipa 2.40. Zikitoka sare, 3.10. Wageni wakishinda, 2.80. Namba hizi vijana huziita odi. Basi fikiri kwamba wewe wataka kuwa na hakika ya kupata shilingi 1,000 hata matokeo yawe nini. Kwa timu ya nyumbani itakubidi uweke 417, kwa sare 323, na kwa wageni 357. Jumlisha. Utaona umetoa 1,097 ili upokee 1,000. Zile 97 za juu ndizo ada ya kukaa mezani. Mwenye meza hahitaji kujua ni nani atakayeshinda. Hahitaji hata kupenda mpira. Amekwisha kujilipa kabla refa hajapuliza kipenga.

Huo ni mchezo mmoja. Vijana wetu hawabashiri mmoja. Huunganisha mechi tano, kumi, kumi na tano katika mkeka mmoja, kwa sababu malipo yake huonekana makubwa. Lakini ada ile nayo hujizidisha kila mechi. Kwa odi kama hizo tulizotaja, mkeka wa mechi tano kwa wastani humrudishia mchezaji shilingi 63 katika kila mia anayoweka. Mkeka wa mechi kumi humrudishia kama 40. Na hiyo ni kabla ya kodi. Tungekuwa na duka linalouza noti ya mia kwa wateja, nao wapewe 40 badala yake, nani angeingia?

Na ile jakpoti kubwa? Mwaka 2017 kijana mmoja Mkenya alibashiri sawasawa mechi 17 akapata shilingi milioni 221. Magazeti yalimwandika, na picha yake ikawa mahubiri yenye nguvu kuliko mahubiri yetu. Lakini mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu, zaweza kupangwa kwa njia 129,140,163. Twajua ya kuwa mwenye kuufahamu mpira hapigi kura tupu. Timu kubwa hushinda ndogo mara nyingi zaidi. Hata hivyo, namba hiyo yazidi hesabu ya watu wote wa Kenya zaidi ya mara mbili. Picha ya yule mmoja ilichapishwa. Wale wengine wote hawakupigwa picha.

Hapa mtu mwenye akili atatuuliza: Kasisi, je, imeandikwa wapi katika Biblia kwamba usicheze kamari? Tutamjibu kwa ukweli. Haikuandikwa kwa maneno hayo. Ukitafuta amri ya kumi na moja hutaipata. Na wahubiri wanaotaja aya kumi kwa haraka, kana kwamba kila moja yasema neno hilo, hawatusaidii, maana kijana akienda nyumbani akazisoma ataona kwamba hazisemi, naye atadhani kanisa limemdanganya katika mengine pia.

Mwingine ataongeza: Lakini mitume walipiga kura walipomchagua Mathiya, katika Matendo mlango wa 1. Naam, walipiga. Tena Mithali 16:33 yasema kwamba kura inapotupwa, uamuzi ni wa Bwana. Lakini angalia vizuri. Katika kura ile hakuna aliyeweka pesa. Hakuna aliyepoteza shamba ili Mathiya apate utume. Waliomba kwanza, kisha wakaachilia mapenzi yao wenyewe wapate kutii. Mwenye kubeti haachilii mapenzi yake. Yeye amekuja kutimiza mapenzi yake kwa mali ya mwenziwe. Na baada ya Roho Mtakatifu kushuka katika mlango wa 2, hatuoni tena katika kitabu kile mitume wakipiga kura. Iko kura nyingine katika Injili. Ni ile ya Yohana 19, askari walipoketi chini ya msalaba wakashindania vazi lisilo na mshono. Mwenye vazi alikuwa akifa juu ya vichwa vyao, nao macho yao yalikuwa chini, kuangalia ni nani amepata.

Wa tatu atasema: Hata mkulima hubahatisha. Hupanda asijue kama mvua itanyesha. Swali hili ni zuri, nasi tumeulizwa mara nyingi na watu wenye shamba. Ni kweli kwamba maisha yote yana hatari ndani yake. Mvuvi, mwenye duka, mwenye kununua hisa, wote hawajui kesho. Lakini mkulima akifanikiwa, mahindi yapo ambayo hayakuwapo jana, na jirani yake atayala. Akipata hasara, hakuna jirani aliyetajirika kwa hasara hiyo. Katika kamari hakuna punje moja iliyoota. Pesa zimehama tu kutoka mifuko mingi kwenda michache, na mwenye meza amechukua chake njiani. Hivyo mimi siwezi kushinda ila wewe ushindwe. Siwezi kuomba nishinde bila kuomba wewe ushindwe. Je, sala hiyo yaweza kuombwa na mtu aliyeambiwa ampende jirani yake kama nafsi yake?

Mtume Paulo, katika Waefeso 4:28, amwambia mwizi aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, ili awe na kitu cha kumgawia mhitaji. Angalia kwamba Paulo ajua njia tatu za mali kutoka mkono hata mkono: kuiba, kufanya kazi, na kutoa. Kamari hujaribu kuwa njia ya nne. Si wizi, kwa kuwa aliyepoteza alikubali. Si kazi. Wala si zawadi, maana hakuna aliyepoteza kwa moyo wa upendo. John Wesley aliliona jambo hili katika hotuba yake juu ya matumizi ya fedha, iliyochapishwa mwaka 1760. Alifundisha Wakristo wachume kadiri wawezavyo, lakini wasichume kwa kumwumiza jirani katika mali yake, na akaitaja kamari kuwa mojawapo ya njia za kula shamba la mwenzako. Askofu Mkuu William Temple, aliyekuwa Canterbury toka 1942 hata 1944, aliona kwamba kamari hukitukuza kile ambacho imani yetu inakikana, yaani kwamba ulimwengu huongozwa na nasibu na si na Baba.

Tusidhani pia kwamba ni Waprotestanti wa juzi walioanza ukali huu. Maaskofu waliokutana Elvira, katika Hispania, mwanzoni mwa karne ya nne, waliamuru kwamba Mkristo achezaye dadu kwa pesa azuiwe Meza ya Bwana, na akiacha apokelewe tena baada ya mwaka mmoja. Na sisi Waanglikana tusisahau kanuni za Kanisa la Uingereza za mwaka 1604. Kanuni ya 75 yakataza dadu na karata, na watu inaowakataza ni makasisi. Waliotunga sheria hiyo yaelekea walijua walikuwa wakisema na nani. Basi twaendelea sasa na habari inayotuhusu sisi makasisi.

Miaka michache iliyopita, katika parokia tuliyoitumikia, alikuwako kijana mmoja mwema. Twasema mwema bila kejeli. Alikuwa mweka hazina wa vijana, alipanga viti kabla ya ibada, na akina mama walimpenda kwa kuwa aliwasalimu wote kwa majina ya watoto wao. Jumapili moja alileta bahasha ya shukrani. Ndani yake mlikuwa na shilingi 20,000. Katika kanisa letu, ambapo sadaka ya Jumapili nzima huwa haifiki hapo, hilo lilikuwa jambo kubwa. Tulimwita mbele. Tukamwuliza Bwana amemtendea nini. Akasema, "Bwana amenikumbuka." Kanisa zima likapiga makofi, na sisi tukaongoza makofi hayo.

Je, hatukujua pesa zile zilikotoka? Twaungama kwamba tulijua. Vijana wa nyuma walikuwa wakinong'onezana habari za mkeka tangu Ijumaa. Lakini madirisha ya chumba cha mavazi hayakuwa na vioo, na mvua za masika zilikuwa karibu. Tukajiambia kwamba pesa ni pesa, zikifika kwa Bwana zatakasika. Tukanunua vioo.

Kijana yule alisikia nini katika makofi yale? Hakusikia shukrani. Alisikia kibali. Kama palikuwa na sauti ndogo moyoni mwake iliyomwonya, sisi tuliinyamazisha, tena kwa mikono yetu miwili.

Miezi minane baadaye, vijana walikuwa waende kwenye kongamano la dayosisi. Walikuwa 38, na kila mmoja alilipa shilingi 1,200 kwa basi na chakula. Pesa hizo, 45,600, zilikuwa mikononi mwa mweka hazina. Asubuhi ya safari watoto walifika kanisani saa kumi na moja na mifuko yao. Wengine walikuwa wamevaa viatu vipya. Saa kumi na mbili basi halijafika. Saa moja, saa mbili. Tulimpigia mwenye basi simu, naye akasema hakulipwa hata senti. Tukampigia kijana, na simu yake ilikuwa imezimwa. Watoto walikaa katika ngazi za kanisa mpaka saa nne, kisha wakaanza kurudi nyumbani wawili wawili, na hakuna aliyesema neno.

Alikutwa kwa mjomba wake siku ya tatu. Alitueleza yote. Hakukusudia kuiba. Kwanza alitoa 2,000 tu, azizungushe zirudi na faida apate kuwanunulia vijana fulana. Zikaenda. Akatoa 5,000 kuzifuata zile. Mara moja mkeka wake ulikosa timu moja tu kati ya tisa, na hilo, alisema, ndilo lililommaliza, kwa maana alijiona amekaribia. Usiku wa mwisho alikaa na kindege mpaka saa tisa.

Wasikilizaji, wako wanaosema kwamba mtu wa namna hii ni mpumbavu tu, au hana nia. Tulikuwa miongoni mwao. Lakini waganga wa magonjwa ya akili wa Marekani, walipotoa upya kitabu chao cha kutambua magonjwa mwaka 2013, waliliweka tatizo la kamari pamoja na ulevi na madawa ya kulevya, na Shirika la Afya Duniani nalo lalihesabu kuwa ugonjwa. Ule ukaribu wa kushinda humshika mtu kuliko kushindwa kabisa. Anayefungwa mabao kumi huenda nyumbani. Aliyekosa timu moja hurudi kesho. Dhambi yaweza kuwa ugonjwa pia, na mgonjwa aweza kuwa na hatia. Kanisa lisilojua kushika yote mawili litamvunja mtu au litamdanganya.

Baraza la parokia liliketi. Wazee wawili walitaka polisi. Mama wa kijana alikuja amefunga leso kiunoni, akasema atauza ng'ombe wake alipe, na wengi waliona hilo ni jambo jema. Ndipo mmoja wa akina mama wa Mothers' Union, mjane ambaye huzungumza mara chache, akasimama. Akasema, "Kasisi, nina swali dogo. Zile elfu ishirini tulizozipigia makofi, zilikuwa za watoto wa nani?"

Hatukuwa na jibu. Aliendelea akisema kwamba yule kijana alipopata, yuko mwingine aliyekosa, labda katika parokia nyingine, labda nyuma ya nyumba yetu. Na huenda asubuhi hiyo watoto wa huyo nao walikuwa wamekaa mahali wakingoja kitu ambacho hakikuja. Kisha akaketi.

Tulikwenda nyumbani usiku ule tukafungua Mathayo 27. Yuda alipozirudisha zile fedha, makuhani wakuu walisema si halali kuzitia katika hazina ya hekalu. Walikuwa waangalifu sana kuhusu hazina. Lakini fedha zile zilitoka mikononi mwao wenyewe. Sisi hatukuufikia hata uangalifu wao; sisi tulizitia, tukanunua vioo.

Juma lililofuata baraza lilikubaliana hivi. Kwanza, shilingi 20,000 zitolewe katika mfuko wa ujenzi wa kanisa na kurudishiwa vijana, kwa kuwa hazikuwa zetu kamwe. Pili, ng'ombe wa mama asiuzwe. Yeye hakucheza. Tatu, kijana alipe 25,600 zilizobaki kwa kazi ya mikono yake, kidogo kidogo, wala asishike tena pesa za kanisa kwa wakati huu. Nne, kanisa lisifanye tena bahati nasibu ya kuchangisha. Hilo la nne lilileta ubishi mkubwa kuliko yote, maana tiketi zetu za kushindania mbuzi siku ya mavuno zilikuwa zinaleta pesa nzuri, na wazee walisema ni mchezo tu. Labda kwa mbuzi mmoja ni mchezo tu. Lakini hatukuona jinsi tungemwambia kijana kwamba meza ya Bahati ni mbaya ikiwa ya kampuni na ni njema ikiwa ya padri.

Tulimsaidia pia kwa mambo madogo ambayo twayasema hapa kwa sababu huenda yakamfaa msikilizaji. Alikubali kufunga akaunti zake zote za kubeti. Kwa miezi sita laini yake ya simu iliyo na M-Pesa ilikaa kwa dada yake, naye akatumia nyingine isiyo na pesa. Kila Alhamisi jioni alikuja kwenye ushirika wa ndugu, ambako wale wazee wa uamsho wana desturi ya kuweka mambo katika nuru, na huko alisema wazi siku alizojaribiwa. Mara mbili alianguka. Alisema, na ndugu wakaimba, kisha wakanywa chai. Wako watu duniani waliojifunza njia hiyo hiyo bila sisi: huko Los Angeles, mwaka 1957, wacheza kamari wawili walianzisha mikutano ya kusaidiana kwa kusemeana ukweli, na chama hicho chapatikana nchi nyingi leo.

Na serikali? Twaiombea. Mwezi wa Aprili 2025 bodi ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais alitia sahihi sheria mpya iliyochukua mahali pa ile ya 1966. Watoto walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza, nasi twasihi wazazi wajue hilo, na waangalie ni nani anatumia simu ya baba baada ya chakula cha jioni. Lakini sheria haiwezi kumwambia mtu ni nani anayemgawia fungu lake. Isaya, katika mstari wa 13, asema kwamba watumishi wa Bwana watakula, na wale walioandaa meza ya Bahati wataona njaa. Ni ajabu, sivyo? Wao ndio waliokuwa na meza. Lakini waliipika karamu kwa ajili ya mgeni asiyelisha mtu.

Kijana yule sasa yuko kwenye pikipiki ya mjomba wake, abeba abiria kutoka barabara kuu hata sokoni. Hajapanga viti tena, ingawa hakuna aliyemkataza. Kila Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya ibada, huja katika chumba cha mavazi chenye vioo vile, na mweka hazina mpya, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa katika ngazi asubuhi ile, humhesabia na kumwandikia risiti. Amekwisha kulipa shilingi 11,500. Zimebaki 14,100.